Namba Nne Haina Mapafu

4 Februari

Wifi,

Salamu zako nimezipata na nimezirudisha humo humo kwenye bahasha, zitafute. Flashi nayo imefika, ingawa uliizungushia utepe mwingi kana kwamba unanitumia nyoka.

Kabla sijasema neno juu ya muziki, tuwekane sawa. Simu yako nimeizuia tangu siku ya harusi yenu na itabaki imezuiwa. Mimi nilipanga nyimbo za saa nne kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu wa tumbo moja, wewe ukanipita ukamleta mtaalamu aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Mtu wa namna hiyo sina cha kuzungumza naye kwa mdomo. Nakuandikia kwa sababu moja tu: katika watu wote ninaowajua, hakuna mwingine mwenye masikio. Ningempata mwingine ningekuacha leo hii. Wenzangu hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wanapenda nyimbo za kulilia mapenzi. Ukiwawekea mtu anayetoa besi kooni wanauliza ni mgonjwa wa wodi gani.

Masharti ni yale yale, sikiliza kwanza, jina baadaye. Nyimbo zinakuja na namba tu, mwenzako anahukumu, na aliyetuma anamtaja mpigaji katika barua inayofuata. Uliyaanzisha wewe mwenyewe siku zile tulipokuwa tunagawana hedifoni moja, wewe sikio la kushoto na mimi la kulia, kabla sijafanya kosa la kukuleta nyumbani ukamwona mdogo wangu Cheche.

Sasa hukumu.

Namba moja. Mwanamke anapiga biti kwa mdomo kwenye ngazi za jengo, unasikia mwangwi unapanda juu halafu unarudi kumjibu. Niliisikiliza nikiwa najaza mashuka kwenye mashine kubwa, nikasahau kubana mlango wake, maji yakanimwagikia mpaka ndani ya viatu. Nakiri. Ni nzuri. Usijenge nyumba juu ya neno hilo.

Namba mbili, rimiksi ya pampu ya maji. Wazo zuri, mtu mvivu. Amepata pampu inayokohoa kwa mpigo safi namna ile, kisha kaifunika na kinanda cha tangazo la sabuni. Mwambie aiache pampu iseme.

Namba tatu usinitumie tena kitu kama kile. Mimi sijakutukana kiasi hicho.

Humu nimekuwekea tatu zangu. Ya pili isikilize kwa sauti ya chini, kama kuna kitu chochote duniani unachoweza kukifanya kwa sauti ya chini.

Dobi,
dada wa mumeo


17 Februari

Wifi mpendwa (kalamu imezoea, usijipe moyo),

Masikini viatu vyako. Nimecheka mpaka mteja wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia kuna mtu ameoshwa na mashine ya mashuka, akasema huyo afadhali ametakata.

Tuanze na harusi, na hii ni mara ya mwisho. Nyimbo zako za saa nne zilikuwa na mtu anayekoroma kwa mpigo, rimiksi ya lifti, na cherehani moja iliyokwenda peke yake kwa muda mrefu kuliko hotuba ya mshenga. Mama yangu mzazi alikuwa amekaa pale na shinikizo lake la damu. Ulitaka niingie ukumbini kwa mlio wa lifti, wifi? Na mbona hutaji kilichofuata? Ulisimama mbele ya shangazi zenu wote ukasema mdogo wenu ameoa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Mpaka leo shangazi yenu mkubwa akinipigia anaanza, "Redio, hujambo?" Mwenye kovu usidhani kapoa.

Haya, majina. Namba moja ni mwalimu wa hesabu, anapiga ngazini wakati wa mapumziko, wanafunzi wake ndio wanaomrekodi. Namba mbili ni ndugu wawili wenye karakana ya baiskeli. Namba tatu nilijua utaichukia, ndiyo maana niliiweka. Ni ya yule mtaalamu wa miwani.

Zako sasa. Rimiksi ya kengele ya shule ni kali, nimemkatia mlio wa simu mwalimu mkuu mmoja mstaafu na machozi yakamlenga. Ile ya pili ya sauti ya chini nimeifungulia kwa sauti ya juu makusudi, spika ya kibandani ikatembea juu ya meza mpaka ukingoni. Ni nzuri zaidi juu. Umekosea maisha yako yote. Ya tatu imenichosha. Mpigaji anavuta hewa kila baada ya neno kama mtu anayepanda mlima na gunia. Ningeikata mimi ingekuwa wimbo. Watu wanakuja kibandani na wimbo wa dakika tano wanataka nusu dakika: natupa utangulizi, natupa ukimya, natupa kila mahali mtu anapovuta hewa, nafungua pale pale ngoma inapoanguka, na mwishoni nafifisha sauti pole pole. Hawaniiti Mama Milio bure, na foleni yangu haikatiki.

Safari hii nimeweka nne. Namba nne naomba uihukumu kwa kirefu. Usinitupie mistari miwili kama unavyofanya ukiwa umechoka. Nautaka ukweli wako wote, ule unaouma, na mwandiko unaosomeka.

Cheche anakusalimu. Yuko uani na kinyago chake, anachomelea geti la mtu. Siku hizi hasemi sana.

Mama Milio,
redio yenu


1 Machi

Wifi,

Namba moja, mbili na tatu nitazirudia barua nyingine. Umeomba namba nne, nakupa namba nne.

Nimeisikiliza mara tatu kwa heshima ya marehemu. Kuna mtu anapiga mdomo juu ya mashine ya kukatia vyuma, na mwanzoni nilinyoosha mgongo nikasema, huyu ana kitu. Nikangoja hicho kitu. Ningekuwa naisubiri mvua ningekuwa nimeshalima. Ngoma inaanguka, inaanguka tena, na katikati hamna mtu. Huyu binadamu hana mapafu. Kila mpigo umekaa peke yake kama ndugu waliogombana wakakutana msibani. Mimi mtu akipiga mdomo nataka nimsikie yuko hai, hata akikosea, hata akikohoa. Huyu hakosei na hakohoi. Ni maiti iliyopakwa poda, imevalishwa vizuri, imelazwa vizuri, basi.

Na mwisho wake! Anafifia pole pole kama mtu anayetoroka mkutanoni kwa kunyata. Asiyejua kumaliza hakuwa na la kusema.

Kama unamfahamu, mfanyie hisani. Bila shaka ana kazi yake, mwambie airudie kwa sababu muziki si wa kila mwenye mdomo. Akiuliza nani kasema, mwambie ni mtu aliyefua mashuka ya wafu miaka mingi na kitu kilichokufa anakijua akikiona.

Umeridhika na urefu?

Dobi


9 Machi

Wifi,

Sasa jina.

Namba nne ni Cheche.

Kaa kama umesimama. Ndiyo, huyo huyo, mdogo wako wa tumbo moja. Miezi yote hii akimaliza milango ya watu anaingia chumba cha nyuma na kompyuta yangu ya zamani, anarekodi mdomo wake juu ya mashine zake. Hakukwambia kwa sababu anakuogopa. Anayaogopa masikio yako kuliko anavyouogopa umeme.

Kuna kundi la wapiga mdomo, watu watano, walimpa kazi ya kuwachomelea jukwaa la chuma ukumbini kwao. Akawa anapiga ndani ya kinyago akidhani hakuna anayesikia. Walipomsikia wakamwambia, njoo nasi, tunazunguka mwaka mzima, mji baada ya mji. Cheche akaomba muda. Akaja kwangu akasema hivi, nakuandikia alivyosema: "Mtumie dada, bila jina. Dada hana upendeleo. Akisema ndiyo nakwenda, akisema hapana nabaki na milango yangu." Nikakutumia. Masharti ni masharti.

Barua yako ilimkuta mezani. Akasema, "Soma." Nikamwambia kula kwanza. Akasema, "Soma." Nikamsomea yote, neno kwa neno, mpaka kwenye mashuka ya wafu. Akanyanyuka, akanawa mikono, akaitia kompyuta kwenye boksi la jiko akalifunga kwa kamba ya katani. Kisha akawapigia wale watu akawaambia hataweza. Tangu siku hiyo anachomelea tu. Hata mluzi hapigi.

Hongera. Ulizoea kuwararua watoto wa wenzio. Mkuki kwa nguruwe, wifi, sasa onja na wewe.

Mama Milio


12 Machi

Wewe mwanamke,

Nimempigia Cheche tangu jana hapokei. Nimepiga karakana anakochomelea, mwenzake anasema ametoka, na nyuma yake nasikia nyundo. Nyundo ya Cheche naijua.

Ulijua. Uliandika kwa mkono wako "ukweli wako wote, ule unaouma", na ulijua unakwenda kuuma kifua cha nani. Ulishindwa kuniandikia, "Wifi, hii ya leo pole pole"? Nyimbo za watu nisiowajua nazirarua kwa sababu wao hawanisikii. Huyu nimemlea. Nilimbeba mgongoni nikiwa mimi mwenyewe sijamaliza kuota meno ya mbele.

Mwambie nimekosea. Mwambie nilikuwa na mafua, masikio yameziba, mwambie lolote. Sikuombi kwa mapenzi, sina. Nakuamuru kama dada wa mumeo.

Nimeirudia namba nne leo mara nyingi na sielewi. Haiwezekani nisimjue. Mtoto huyu akikohoa barabara ya pili mimi nageuka.

Dobi


21 Machi

Wifi,

Hujajibu. Umenyamaza kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, na kunyamaza kwako kumenisaidia kufikiri.

Juzi umeme ulikatika mchana. Mashine zote zikazima, chumba cha kukaushia kikawa kimya kama kaburi, nikakaa juu ya marobota ya mashuka na namba nne masikioni. Nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza mwanzo kama ningekuwa na akili: Cheche anapiga vipi?

Mimi ndiye niliyemfundisha. Mama kazini, betri za redio zimekufa, mtoto analia, nikampigia ngoma kwa mdomo akanyamaza. Halafu akanijibu. Ila alikuwa mdogo, pumzi ilimwishia haraka, na hakutaka ngoma isimame anapovuta hewa. Akagundua mwenyewe namna ya kupiga huku anaivuta. Ile "kha" kavu inayoingia ndani. Mapigo yake mazuri yote ni hayo. Nusu ya ngoma ya Cheche inatoka na nusu inaingia, ndivyo alivyo tangu ana miaka minne. Mtu akizifuta pumzi zake anakuwa amemkata mguu, kisha anamwuliza mbona huchezi.

Kwenye namba nne hakuna hata "kha" moja. Na mwanzo wake unafunguka pale pale ngoma inapoanguka. Na mwisho unafifishwa pole pole. Uliniandikia mwenyewe jinsi unavyokata, ukajisifu na foleni.

Ule ni mkono wako, Mama Milio. Mume wako alikupa moyo wake uniletee, wewe ukaufanya mlio wa simu. Ukajua nitauona kama maiti kwa sababu uliuua kabla haujafika. Kisha ukakaa mezani ukamsomea, na sauti yako hiyo ya redio.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani nimempa mdogo wangu mke.

Nijibu.

Dobi


29 Machi

Wifi,

Ndiyo. Nilikata.

Nilifunga dirisha la kibanda mchana mzima, kila mteja nikamwambia mashine imeharibika, nikamtafuta kila mahali anapovuta hewa nikaondoa. Mwisho nikaufifisha kwa sababu yeye alimalizia kwa kucheka, na ningeacha kile kicheko ungemjua mara moja. Kazi ilikuwa safi. Wewe mwenye masikio ulihitaji umeme ukatike ndipo uione.

Sasa sikiliza na hili. Baba yangu alikuwa mpiga gitaa. Aliaga anakwenda wiki mbili. Mama akampigia pasi mashati mawili. Siku aliyorudi mimi nilikuwa nimeshaanza kuvaa sidiria, akasimama mlangoni kwetu akaniuliza, "Binti, wenyewe wapo?" Nilimwambia wapo. Usiniambie Cheche si baba yangu, najua. Baba naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mzuri aliyekwenda wiki mbili.

Cheche anakwenda mwaka. Unataka niseme niliogopa? Niliogopa. Naogopa hata sasa ninapoandika. Ningemwambia usiende angebaki, namjua, halafu angeanza kunichukia kidogo kidogo kila akichomelea mlango. Nilitaka katazo litoke kwa mtu mwingine. Nikakuchagua wewe kwa sababu huna cha kupoteza kwetu. Tayari hupendwi.

Lakini usinawe mikono kwenye maji yangu. Mimi nilikata pumzi. "Maiti iliyopakwa poda" si yangu. "Airudie kazi yake" si yangu. Ungeandika wimbo una kasoro, uko mkavu, ajaribu tena, ukaishia hapo kama watu waungwana, angejaribu tena. Mimi nilikukabidhi kisu butu, wifi. Ukakinoa mwenyewe, kwa raha, ukaniuliza kama nimeridhika na urefu. Na kama si Cheche, angekuwa mtoto wa mama mwingine, na usingekosa hata usingizi.

Ukimwambia nilichofanya, sijui kama nitabaki na mume. Unalijua hilo. Kwa hiyo najua utamwambia.

Mama Milio


6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua uliyoituma karakana nimeipata, na ile flashi yenye namba nne ilivyokatwa. Niliisikiliza nimesimama pale kwenye benchi la vyuma. Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Nilifikiri huyu jamaa anapiga vizuri lakini ana haraka ya kwenda wapi.

Mke wangu sikumgombeza. Nilimwambia tu najua. Akakaa chini sakafuni hapo hapo alipokuwa. Mengine ni yangu na yake, nakuomba usiniulize.

Wale watu walikuwa hawajapata mwingine. Nakwenda. Siku ya kwanza ni Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, kwenye ule ukumbi niliowachomelea jukwaa. Naogopa sana. Jukwaa lenyewe nalijua halitavunjika, hofu ni ya mengine.

Dada, nakuomba usije. Usikasirike. Tangu nikiwa mtoto nikipiga nakuangalia uso kwanza. Ukikunja paji la uso naacha, hata kama nilikuwa nafika mahali pazuri. Hata ukiwa mbali, nasikia unavyosikiliza. Nyinyi mna masikio makubwa na mmekuwa mkipigana nayo miaka yote hii, na mimi nilikuwa namba nne kwenye flashi. Safari hii nataka nipige mbele ya watu wasiojua chochote. Wakipenda wapende tu.

Na hakuna atakayerekodi. Kundi lina sheria yake, simu zinakusanywa mlangoni.

Yale ya maiti nimekusamehe. Ila bado nayasikia kila nikifungua mdomo kuanza. Labda yataisha nikishazoea.

Kula vizuri. Usibebe marobota mazito peke yako.

Mdogo wako,
Cheche


21 Aprili

Wifi,

Nilijiapiza sitakuandikia tena, na kwa kuwa naandika ujue nimefikia wapi.

Jumamosi imepita na hakuna aliyeniambia neno. Cheche simu yake haipatikani, watakuwa wameshaingia mji mwingine. Kwa hiyo nimebaki na wewe, adhabu yangu.

Ulikuwepo. Usinifiche. Mimi alinikataza, nikatii, na mimi si mtu wa kutii. Niliomba zamu isiyo yangu, nikakunja mashuka kutwa nzima mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Lakini mke ni mke, mnagombana asubuhi na jioni mnakula sahani moja. Nakuona ulivyoketi mstari wa mbele na gauni jipya. Mtu aliyemng'oa mapafu ndiye aliyekaribishwa kumsikiliza, na mimi niliyempa ngoma nilikuwa nalinganisha foronya. Nimelia, wifi, nakuandikia hivyo ili ufurahi mara moja tuyamalize.

Sitaki urafiki na sitaki pole. Nataka uniambie ulichosikia, wewe mwenye kuweza kusikia. Alianza na nini? Alikimbia kwa woga au alisubiri? Mapigo yake ya kuvuta ndani yalifika mpaka nyuma ya ukumbi, au spika zao mbovu? Kuna mahali katikati alikuwa anapenda kunyamaza kabisa halafu anarudi. Alinyamaza? Watu walimvumilia?

Andika yote. Usikate kitu.

Dobi


21 Aprili

Wifi,

Kabla hujacheka, soma mpaka mwisho.

Cheche ameondoka Ijumaa na begi moja. Alinitazama akasema, "Jumamosi usije." Hakusema kwa ubaya, angesema kwa ubaya ningekwenda. Akasema akirudi tutaongea, na sijui hayo maongezi ni ya kujenga au ya kubomoa. Nilifungua kibanda kama siku zote. Mteja wa kwanza alitaka mlio, nikaukata ovyo, akaurudisha. Wa pili naye akaurudisha. Nikafunga.

Wewe najua ulikuwepo. Damu nzito kuliko maji, na nilimwona kwa macho yangu akikuandikia, akaificha barua chini ya kiganja nilipopita. Sikuulizi ulikaa wapi. Ulikaa mbele, umekunja mikono, unamtafutia kosa. Na alikuruhusu! Baada ya yote uliyomwita, wewe unaruhusiwa na mimi ninayemfulia ovaroli nakatazwa. Nimekuchukia Jumamosi nzima, nikikumbuka kupumua nakuchukia tena.

Nimewauliza watu wawili waliokwenda. Mmoja alikuwa nje anavuta sigara wakati Cheche anapiga. Mwingine amesema "ilikuwa nzuri", kwa sauti ile ile anayoisifia chai. Nikamwuliza nzuri vipi? Akasema, nzuri tu. Mwaka mzima, wifi, mume wangu atakuwa anapiga mahali na mimi nitakuwa naambiwa ilikuwa nzuri tu.

Nitukane kurasa tatu, nimestahili mbili. Ila katikati ya matusi uniwekee jibu, sitakuomba kitu kingine maisha yangu yote. Alipomaliza, watu walimpigia makofi?

Mama Milio